Darubini Haileti Fokasi? Ianze Mchana: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Kila mwezi unapong'ara juu ya Tanga, malalamiko ni yaleyale. Mtu kanunua au kaletewa darubini ya lenzi, kaifunga, kaitoa uani, kaielekeza juu, na anachokiona ni weusi mtupu au ukungu wa mwanga usio na umbo. Anazungusha vigurudumu mpaka anachoka. Mwishowe darubini inarudi kwenye boksi na boksi linapanda juu ya kabati, limeshahukumiwa: "Mbovu hii."

Nyingi si mbovu. Kinachokosewa ni mpangilio wa kazi. Watu wanatafuta fokasi, yaani ukali wa picha, usiku, na fokasi ni kazi ya mchana. Ukiipata mchana na kuiwekea alama, usiku unairudia tu.

Mwongozo huu unahusu darubini ya kawaida ya anayeanza: lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 60 au 70, urefu wa fokasi milimita 700, na stendi ya miguu mitatu. Soma maandishi kwenye bomba. Mfano, D=70 F=700 maana yake upana ni 70 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale picha ya kitu cha mbali inapoundwa, ni 700. Kama yako ina namba nyingine, hatua ni hizihizi, hesabu tu ndizo zitakazobadilika.

## Jua kwanza

Usielekeze darubini kwenye jua. Si kwa sekunde moja, si kupitia kilengeo kidogo cha juu, si jioni likiwa jekundu linazama. Lenzi ya milimita 70 inakusanya mwanga na joto kwenye kitone kimoja. Kitone hicho kikiangukia nyuma ya jicho kinaunguza bila maumivu, kwa sababu sehemu ile ya jicho haina hisia ya maumivu. Mtu hugundua baadaye kwamba kila anachokitazama kina doa katikati, na doa hilo linaweza lisiondoke tena.

Baadhi ya maboksi yana kioo cheusi kidogo kilichoandikwa SUN, cha kufungia kwenye lenzi ya jicho. Kitupe leo. Kinakaa palepale joto linapokusanyika, na kikipasuka jicho liko nyuma yake.

Wanaopenda kutafuta mwezi mwandamo mwishoni mwa Shaabani na Ramadhani wawe waangalifu zaidi ya wote, maana hilali hukaa karibu na jua. Kifuniko kibaki mahali pake mpaka usikie adhana ya Magharibi. Hakuna haraka inayostahili jicho.

Kwa kazi ya mchana, jua liwe mgongoni mwako. Asubuhi tazama magharibi, upande wa milima ya Usambara. Jioni tazama mashariki, baharini. Na ukiondoka hata kwa dakika mbili, rudisha kifuniko. Watoto wa mtaani hawahitaji kualikwa, wakiiona watachungulia.

## Andaa hivi

- Darubini yenyewe, stendi yake, na vipande vyote vidogo vilivyokuja nayo.
- Kiwiko: kile kipande kilichopinda chenye kioo ndani.
- Lenzi ya jicho yenye namba kubwa kuliko zote ulizo nazo, mara nyingi 25 au 20.
- Bisibisi ndogo ya nyota.
- Penseli au selotepu.
- Mfuko imara na mchanga wa kilo mbili hivi, au chupa kubwa ya maji.
- Kiti au kigoda.
- Tochi iliyofunikwa kwa kitambaa chekundu, kwa ajili ya usiku.
- Karatasi nyeupe nyembamba. Kazi yake iko mwishoni.

Weka kando, mbali na mkono, vitu vitatu: lenzi ya Barlow (kijibomba cha kuongeza ukuzaji, kilichoandikwa 2x au 3x), lile bomba refu la kuigeuza picha wima lililoandikwa 1.5x, na lenzi ya jicho ya namba 4. Hivi ndivyo vinavyowapoteza wengi usiku wa kwanza. Boksi linajisifu kukuza mara 525, na mtu anataka kuziona hizo 525 papo hapo. Tutazizungumza mbele.

## Hatua ya 1: Funga kwa mpangilio sahihi

Toa kifuniko cha mbele chote. Vifuniko vingi vina kifuniko kingine kidogo katikati, na watu hung'oa hicho kidogo tu wakidhani wamemaliza. Ukifanya hivyo mwanga unapita kwenye kitundu badala ya lenzi nzima, na usiku picha inakuwa hafifu. Ukitazama kwa mbele unapaswa kuona kioo kizima, ukingo hadi ukingo.

Nyuma, mpangilio ni huu: bomba la ndani (lile dogo linalotoka na kuingia ukizungusha vigurudumu), kisha kiwiko, kisha lenzi ya jicho. Kila kimoja kisukume mpaka kigote, halafu kaza skrubu yake kwa vidole. Lenzi ya jicho inayoning'inia nusu nje inabadilisha fokasi kila unapoigusa.

Usiruke kiwiko. Wapo wanaochomeka lenzi ya jicho moja kwa moja kwenye bomba kwa sababu inaonekana rahisi. Tatizo ni kwamba mwanga unasafiri sentimita kadhaa ndani ya kiwiko, na mtengenezaji alikata bomba akiwa ameshazihesabu sentimita hizo. Ukiondoa kiwiko, bomba la ndani hutoka lote na bado halifiki panapotakiwa. Utazungusha usiku kucha.

Kuna sababu nyingine, ya shingo. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, hivyo Mwezi na sayari hupanda karibu utosini. Bila kiwiko utalazimika kulala chini.

Mwisho, tafuta skrubu ya kufungia bomba la ndani, kwa kawaida iko juu au chini ya vigurudumu vya fokasi. Ilegeze. Hii moja tu imewahi kuwa ugonjwa wote: mtu anazungusha, gurudumu linateleza kwenye meno, bomba halisogei, naye anaamini anabadilisha fokasi.

Umefaulu ikiwa: ukizungusha vigurudumu, bomba la ndani linatoka na kuingia kwa ulaini, bila kukwama na bila kucheza juu na chini.

## Hatua ya 2: Tuliza stendi

Picha inayotetemeka na picha isiyo na fokasi zinafanana sana kwa jicho jipya. Kwa hiyo tetemeko liondolewe kwanza.

Usirefushe miguu ya stendi. Ibaki mifupi, wewe ukae kwenye kigoda. Kaza kila skrubu ya stendi kwa bisibisi, hasa zile zinazoshika trei ya katikati. Kisha ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu, chini kabisa, usibembee.

Wakati wa kusi, hasa katikati ya mwaka, upepo wa Raskazone unaweza kuisumbua darubini nyepesi jioni nzima. Jikinge nyuma ya ukuta, au subiri utulie. Sakafu ya saruji ni nzuri kuliko mchanga wa ufukweni. Kwenye mchanga mguu mmoja huzama taratibu na unachokitazama kinatoka pembeni.

Umefaulu ikiwa: ukigonga bomba kwa kidole, picha inatulia ndani ya sekunde mbili au tatu.

## Hatua ya 3: Chagua kitu cha mbali kweli

Hapa ndipo palipo na siri, kwa hiyo tukae kidogo.

Lenzi ya mbele haikuzi chochote. Kazi yake ni kuchukua mwanga wa kitu cha mbali na kuunda picha yake ndogo hewani, nyuma ya lenzi. Lenzi ya jicho ndiyo inayoikuza picha hiyo, na ili iione vizuri lazima ikae umbali maalumu kutoka pale picha ilipo. Vigurudumu vya fokasi havina kazi nyingine zaidi ya kuipeleka lenzi ya jicho mahali hapo.

Sasa, picha haiundwi mahali pamoja kwa vitu vyote. Kitu kikiwa karibu, picha yake inaundwa nyuma zaidi. Kwa darubini ya F=700, kitu kilicho mita 20 kinaunda picha kama milimita 25 nyuma ya pale picha ya nyota inapoundwa. Cha mita 100 kinatofautiana na nyota kwa milimita 5. Cha kilometa 1, nusu milimita tu.

Ndiyo maana kujaribu kwa kutazama dirisha la ng'ambo ya barabara Ngamiani hakusaidii. Utapata fokasi ya dirisha, na usiku utakuwa umekosea kwa zaidi ya sentimita mbili, kosa linalotosha kuifuta nyota isionekane kabisa. Unahitaji kitu kilicho kilometa 1 au zaidi, na zaidi ni bora.

Kwa Tanga machaguo ni mengi. Ukiwa ufukweni jioni, jahazi lililo mbali baharini linafaa, ingawa linasogea. Miti ya Kisiwa cha Toten, kule ghubani mbele ya mji, haisogei. Ukiwa kwenye ghorofa, tafuta mnara wa simu wa mtaa wa mbali. Asubuhi iliyotakata, ukingo wa milima ya Usambara ni mzuri kupita vyote, maana uko mbali mno kiasi kwamba kwa darubini ni sawa na nyota.

Usielekeze kwenye madirisha na nyua za watu, wala kwenye bandari na kambi. Mtu anayekuona kwa mbali hajui nia yako. Na usitazame kupitia kioo cha dirisha la nyumbani. Kioo hicho hakikutengenezwa kwa kazi hii, kinachafua picha hata fokasi ikiwa kamili.

## Hatua ya 4: Zungusha polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho

Lenga kwa kutazama juu ya bomba, kama mtu anayepima kama ubao umenyooka. Mchana hili ni rahisi, na hata ukikosea kidogo utaona mwanga na rangi.

Ingiza bomba la ndani lote mpaka ligote. Weka jicho karibu na lenzi ya jicho bila kuigusa, kama sentimita moja hivi. Ukilibana sana utaona kivuli cheusi kinachohama pembeni. Sogea nyuma kidogo kitaondoka. Kope zisiguse kioo, zinaacha mafuta.

Anza kuzungusha ili bomba litoke polepole sana. Mwanzoni utaona rangi tu: buluu juu, kijani chini. Kisha mpaka kati yao unaanza kujitokeza. Kisha unaona kwamba kijani kile ni miti. Endelea. Makuti ya mnazi yanaanza kutengana moja moja. Hapo punguza mwendo hadi uwe unagusa gurudumu tu, si kulizungusha.

Usisimame mara tu picha inapopendeza. Pita mbele mpaka ianze kuharibika tena, halafu rudi. Pita, rudi, kila safari ukipunguza umbali. Huwezi kujua kilele kiko wapi mpaka umekivuka na kuona mteremko wa upande wa pili. Wengi husimama kwenye "afadhali", na "afadhali" ya mchana usiku ni ukungu.

Kwa wenye miwani: kama unaona mbali kwa shida au karibu kwa shida tu, vua miwani, fokasi ya darubini itakufidia. Kama miwani yako ni ya kurekebisha umbo la jicho, ile ambayo ukiivua mistari inakuwa na vivuli, ivae. Hapo hakuna gurudumu litakalokusaidia. Na kumbuka kwamba fokasi ya baba si fokasi ya mtoto: kila anayechungulia aruhusiwe kugusa gurudumu kidogo.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutenganisha nyaya au vyuma vyembamba vya mnara, au makuti, na kugusa kidogo tu kwa upande wowote kunaharibu picha. Ikiwa unaweza kuzungusha robo mzunguko bila kuona tofauti, bado hujafika.

Picha itakuwa imegeuka kulia kwenda kushoto ikiwa kiwiko ni cha nyuzi 90. Hiyo si hitilafu. Angani hakuna kulia wala kushoto kwa kukusumbua.

## Hatua ya 5: Weka alama

Ukiwa na fokasi kamili ya kitu cha mbali, chukua penseli na uchore mstari mwembamba kwenye bomba la ndani, palepale linapotokeza kwenye bomba kubwa. Kama ni jeusi na penseli haionekani, bandika kipande cha selotepu ukingo wake uguse hapo.

Mstari huu una thamani kuliko kifaa chochote kingine ndani ya boksi. Hii ndiyo sababu: nyota isiyo na fokasi haionekani kama nyota yenye ukungu. Mwanga wake mdogo unatandazwa kwenye duara pana, na duara likiwa pana vya kutosha linafifia mpaka linazama kwenye weusi wa anga. Unakuwa umelenga sawasawa na bado huoni kitu. Hujui kama kosa ni kulenga au ni fokasi, unabadilisha vyote viwili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa.

Ukiwa na alama, fokasi haina shaka tena. Ukiona bado ni weusi, kosa ni kulenga tu.

Alama ni ya kiwiko hicho na lenzi hiyo ya jicho. Kila lenzi ya jicho ina mahali pake, tofauti ya milimita chache. Ukiwa na muda, tia alama ya kila moja na uandike namba yake pembeni.

## Hatua ya 6: Linganisha kilengeo

Bado ni mchana, na darubini imetulia kwenye kilele cha mnara au mti wa mbali. Hakikisha kilele kiko katikati kabisa ya unachokiona.

Sasa, bila kusogeza bomba, chungulia kwenye kilengeo. Kwa kutumia skrubu zake ndogo, kisogeze mpaka msalaba wake au kitone chake chekundu kikae juu ya kilele kilekile. Rudi kwenye lenzi ya jicho uhakikishe bomba halikusogea. Rudia mpaka vyote viwili vinakubaliana.

Lenzi ya jicho ya 20 kwenye F=700 inakuza mara 35, na inaonyesha kipande cha anga chenye upana wa nyuzi moja na kidogo. Kilengeo kikipotoka kwa upana wa kidole ulichokinyoosha mbele yako, unakuwa umeshatoka nje ya kipande hicho. Hatua hii inachukua dakika tano na haiwezi kufanywa vizuri gizani.

## Hatua ya 7: Usiku wa kwanza uwe wa Mwezi

Toa darubini nje mapema, kama nusu saa kabla. Ikiwa imetoka chumba chenye kiyoyozi, hewa yetu ya pwani itaifunika kwa mvuke mara moja, na lenzi yenye mvuke haileti fokasi. Usiifute. Iache, itakauka ikishalingana joto na hewa ya nje.

Rudisha bomba la ndani kwenye alama. Lenga Mwezi kwa kilengeo. Utauona mara moja, ukiwa na fokasi au karibu sana nayo. Gusa gurudumu kumalizia.

Chagua mwezi wa siku tano hadi tisa tangu kuandama. Mwezi mpevu ni mkali, hauna vivuli, na jicho halipati kitu cha kushika. Mwezi nusu una mpaka kati ya mwanga na giza, na kwenye mpaka huo mashimo na milima hutupa vivuli virefu. Fanyia fokasi hapo, kwenye ukingo wa shimo moja, si kwenye Mwezi mzima.

Umefaulu ikiwa: vivuli ndani ya mashimo ni vyeusi kama wino na ukingo wake umekatwa vizuri.

Ukiona utepe mwembamba wa zambarau au manjano kwenye ukingo wa Mwezi, usihangaike nao. Darubini za bei nafuu ambazo lenzi yake ya mbele ni vioo viwili haziwezi kukusanya rangi zote mahali pamoja. Si fokasi mbovu. Vilevile, Mwezi utaonekana ukitembea: ni dunia inayozunguka, na Mwezi huhama kiasi cha upana wake ndani ya dakika mbili. Usiufuate kwa kugusa gurudumu la fokasi kwa bahati mbaya, kosa ambalo hutokea sana gizani.

## Hatua ya 8: Nyota, kipimo cha kweli

Nyota ndiyo hakimu mkali. Iwe na fokasi ni kitone. Isipokuwa nayo ni duara. Ukizungusha na duara likikua, unaelekea upande usio sahihi. Likipungua, endelea mpaka liwe kitone kidogo kuliko vyote unavyoweza kupata, halafu pita kidogo na urudi.

Hakuna fokasi inayoifanya nyota iwe duara kubwa lenye sura. Watu wengi hupata fokasi sahihi, wanaona kitone, wanadhani bado, wanaendelea kuzungusha mpaka kinakuwa duara la kung'aa, na wanafurahi kwamba wameikuza nyota. Sivyo. Nyota iko mbali mno. Kitone ndicho ushindi.

Kuanzia Novemba hadi Machi jioni, lenga Kilimia. Kwa macho ni kifungu kidogo cha nyota. Kwa lenzi ya 25 kinajaa vitone vingi safi, na kila kimoja ni kipimo cha fokasi. Kati ya Mei na Julai, tafuta nyota mbili angavu zinazouelekeza Msalaba wa Kusini. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Kentauri, nayo kwa kweli ni nyota mbili zilizokaribiana. Kwa lenzi ya 10 na fokasi nzuri zinatengana wazi. Zikibaki moja iliyovimba, rudi kwenye gurudumu.

Lenga vitu vilivyopanda juu, angalau theluthi ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Chini ya hapo unatazama kupitia hewa nene na yenye joto, na picha inachemka. Mapema usiku epuka kutazama juu ya paa na kuta zilizoshinda juani, nazo zinapandisha joto.

## Hatua ya 9: Ongeza nguvu, lakini kwa kipimo

Gawanya F kwa namba ya lenzi ya jicho: 700 kwa 25 ni mara 28, kwa 20 ni mara 35, kwa 10 ni mara 70, kwa 4 ni mara 175.

Kikomo cha darubini ni takriban mara mbili ya upana wa lenzi yake kwa milimita. Ya milimita 70 inaishia karibu 140. Lenzi ya 4 peke yake imeshavuka. Ukiweka Barlow ya 3x juu yake unafika zile 525 za kwenye boksi, na unachopata ni giza lenye ukungu ambalo hakuna mzunguko wa gurudumu utakaolisafisha. Si wewe uliyeshindwa. Mwanga hautoshi kugawanywa kiasi hicho.

Kwa hiyo nenda hivi: weka kitu katikati kwa lenzi ya 20, leta fokasi, kisha badilisha kwa ya 10 bila kusogeza bomba, na urekebishe fokasi tena kidogo. Kwa maoni yangu lenzi ya 10 ndiyo mwisho wa mahitaji ya miezi ya mwanzo.

Matarajio nayo yawe sahihi. Sayari ya Mshtarii (Jupiter) kwa kukuza mara 50 huwa na upana kama wa Mwezi unaouona kwa macho matupu, ukiwa na vitone hadi vinne vya miezi yake vimepangwa mstari. Zohali (Saturn) ni mdogo zaidi. Pete zake zilikaa ubavu kwetu mwaka 2025, zikaonekana kama uzi, na sasa zinafunguka taratibu mwaka hadi mwaka. Ukiona pete nyembamba, usilaumu fokasi.

## Bado hakuna kitu? Tumia karatasi

Ikiwa umefuata yote na hata mchana hakuna mahali popote picha inasafika, fanya kipimo hiki usiku wenye Mwezi mkubwa. Kitakuambia ni kipande gani chenye kasoro.

Toa lenzi ya jicho na kiwiko. Elekeza bomba kwenye Mwezi. Shika ile karatasi nyembamba nyuma ya bomba la ndani na uisogeze mbele na nyuma taratibu, jicho lako likiwa nyuma ya karatasi. Mahali fulani doa la mwanga litakaza na kuwa Mwezi mdogo, wenye upana wa milimita 6 hivi, umepinduliwa juu chini, na madoa yake meusi yanasomeka. Hata kwa aliyeizoea darubini, kuuona Mwezi umekaa kwenye karatasi mkononi mwake ni jambo la kupendeza.

Ukiupata Mwezi huo safi, lenzi ya mbele ni nzima. Kasoro iko kwenye kiwiko au lenzi ya jicho: jaribu nyingine, au azima kwa mwenzako. Chunguza pia kama lenzi ya jicho iliwahi kufunguliwa. Ndani mna vioo vidogo, na kimoja kikirudishwa kinyume haitafaa tena mpaka kigeuzwe.

Ukipata doa tu lisilokaza popote, kasoro iko mbele. Mara nyingi ni darubini iliyopita mikononi mwa mtu aliyefungua lenzi ya mbele "kuisafisha" na kuirudisha kinyume. Lenzi hiyo ni vioo viwili vilivyolala pamoja kwa mpangilio maalumu. Kwa darubini nyingi za aina hii, upande uliobinuka zaidi hutazama nje, angani. Ikiwa bado ina hati ya dhamana, usiifungue, irudishe dukani.

## Isiharibike kabla ya usiku wa pili

Hewa ya chumvi na unyevu wa Tanga ni adui wa kioo. Darubini iliyofungwa kwenye boksi ikiwa na umande huota kuvu ndani ya wiki chache, na kuvu ikishakula kioo haitoki. Ukiingia ndani, iache wazi ikiwa imeinamishwa chini kidogo mpaka ikauke kabisa, ndipo ufunike. Ndani ya boksi weka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe vinapozeeka.

Vumbi dogo kwenye lenzi halina madhara, liache. Likizidi, lipulize kwa pampu ndogo ya mpira. Usifute kwa kanga, kwa shati wala kwa karatasi ya chooni. Chembe moja ya mchanga wa pwani chini ya kitambaa inatosha kuchora mstari wa kudumu. Na mdomo usiutumie kupuliza, maana mate yatafika kabla ya hewa.